Ng'ombe Waliokuja na Samli

Naima alikuwa anageuza chapati ya pili wakati ng'ombe wa Kwandu walipoingia uani. Waliingia kwa utaratibu, pua ya mmoja ikifuata mkia wa mwenzake, wakapita chini ya kamba ya nguo bila kuangusha hata kanga moja, wakajipanga kando ya ukuta wa jirani. Ua wa nyumba ile ya Biharamulo mjini si mkubwa. Kuna choo, kuna tangi la maji, kuna mpapai usiozaa. Hata hivyo walienea. Wa mwisho, ng'ombe jike mweupe mwenye pembe moja iliyoinama, alibaki mlangoni mwa jiko akimtazama Naima.

"Mama," Naima aliita, "wamekuja ng'ombe."

Bi Yasmini, mama mkwe wake, alikuwa sebuleni anamalizia uradi. "Wa nani?"

"Wa Kwandu, nadhani. Huyu mweupe si ndiye Kanyange?"

"Wasinigusie mchicha wangu," akasema Bi Yasmini, akaendelea na tasbihi.

Chapati yenyewe ilikuwa ya mayai, ya kukunja. Ahmadi, mume wa Naima, ni wakala wa forodha kule Rusumo, na hapo mpakani madereva wa malori huila asubuhi kabla foleni haijasogea. Wanaiita roleksi, sijui kwa nini, na Ahmadi naye hajui. Alipokuja nyumbani kuisifia, Bi Yasmini alisema chapati ya mafuta ya alizeti ni karatasi tu, mtu aandikie barua. Kwao, tangu babu zao walipopanda kutoka pwani na biashara ya nguo, chapati ni ya samli au haipikwi. Basi Naima hukanda unga kwa maji ya vuguvugu, akausukuma, akaupaka samli, akauviringisha kama konokono, akauacha upumzike, kisha akausukuma tena. Mayai huyapiga na kitunguu, nyanya na hoho, akayamwaga kikaangoni, akaibandika chapati juu yake kabla hayajashika. Anageuza, anapanga vipande vya parachichi, anakunja. Ikiwa ya moto, mtu huila kimya kimya.

Samli ilikuwa ya Kwandu. Kwandu ni Msukuma wa Nyamahanga. Wazazi wake walihamia huko na mifugo kutoka Shinyanga, na kila Idi inapokaribia humletea Naima kibuyu cha samli, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Mara hii alikileta kama kawaida, wakacheka, wakaulizana habari za watoto. Siku chache baadaye watu wa operesheni ya kukamata mifugo walifika Nyamahanga alfajiri, wakafungua zizi, wakaswaga ng'ombe wote, wakasema wamewakamata hifadhini. Kwandu alikuwa zizini na chombo cha kukamulia mkononi. Kilichobaki ni ndama wa Kanyange, kwa kuwa alikuwa mchanga na usiku hulala ndani ya nyumba, karibu na mafiga. Hawakumwona.

Siku ile ya kwanza chapati zilipokwisha kuliwa, ng'ombe waliondoka. Mavi yao nayo yaliondoka pamoja nao, jambo ambalo Bi Yasmini alilisifu.

Jumatatu Bi Yasmini alikuwa na funga ya sunna. Chapati yake ikabaki kwenye hotpoti, na ng'ombe wakabaki uani, wakicheua, mpaka adhuhuri, chapati ilipopoa. Hapo Naima akaelewa. Ni samli. Ikiyeyuka wanakuja, na chapati ikiwa bado ina moto wanakaa. Akachukua simu akampigia Kwandu.

"Wako kwangu," akamwambia. "Ila hawakai."

Kwandu alikuja kesho yake kwa bodaboda, ndama akiwa ndani ya kiroba mapajani mwake, kichwa nje. Alipiga goti kidogo mlangoni mbele ya Bi Yasmini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mitihani."

"Ndiyo, mama."

Naima akaweka kikaango jikoni. Samli ilipoanza kunukia, Kanyange alikuwa tayari amesimama pale mlangoni. Kwandu alimwendea. Alimpapasa pembe ile iliyoinama, akamwita jina lake, jina alilokuja nalo tangu aliponunuliwa kwa Mhangaza mmoja wa Kanazi. Ndama alitolewa kirobani miguu ikitetemeka, akaenda moja kwa moja chini ya tumbo la mama yake. Povu jeupe likamtoka mdomoni. Naima alilia, na wala hakuona aibu kulia.

Chapati ilipopoa, ng'ombe waliondoka na tumbo la ndama likarudi ndani, mbavu zikaonekana vilevile kama asubuhi. Siku iliyofuata Kwandu alijaribu kukamua. Alikamua sufuria ikajaa, akaifunika, akakaa karibu nayo kama mtu anayelinda mtoto. Ulipofika muda, alifunua akakuta sufuria kavu, ina joto kidogo tu pembeni. Naima alikuwa ameshapiga hesabu kichwani, kwamba maziwa yale wangeyasukasuka, wapate siagi, wapate samli nyingine, na ng'ombe wasiache kuja. Hesabu hiyo ikaishia pale. Ndama akawa anapewa uji wa mahindi kwa chupa ya soda, anautema.

Mume wa Kwandu, Malongo, alikuwa amekaa nje ya geti la kambi walikoshikiliwa ng'ombe. Kila siku aliambiwa arudi na uthibitisho. Akauliza uthibitisho gani, akaambiwa yeye ndiye mwenye ng'ombe, yeye ndiye ajue. Kwenye simu alimwambia mkewe kwamba asubuhi zizi la kambi huwa tupu kabisa, na mlinzi alilitolea taarifa, akaonywa aache pombe. Alisema pia kwamba mnada ni Jumamosi.

"Na tukimpeleka ndama kambini, aende kwa mama yake mbele yao?" Naima aliuliza.

"Hawaruhusu mnyama kuingia," alijibu Kwandu. "Wanasema ataleta ugonjwa."

Naima aliwaza, akaona njia moja imebaki. Ng'ombe mwenye ndama wa siku chache hawezi kuwa kule ndani ya hifadhi, mwendo wa kutwa nzima, huku ndama yuko mafigani Nyamahanga. Na ndama hanyonyi kwa asiye mama yake. Afisa akiona kwa macho yake ndama ananyonya kwa Kanyange, na akaandika, ng'ombe wanatoka kabla ya mnada. Ahmadi akapiga simu kutoka Rusumo kwa mtu anayemjua, mtu akazungumza na mtu, na afisa mmoja aitwaye Paschal akakubali kupita nyumbani Ijumaa asubuhi.

Ijumaa ile samli ilikuwa ukingoni, kijiko kinagonga kitako cha kibuyu. Naima alikipasua kibuyu kwa nyundo, akafuta vipande vyake kwa donge la unga hadi vikabaki vikavu. Ikatoka chapati moja. Aliipika taratibu, akaitandikia mayai, akaikunja, akaifunga kwa kitambaa, akaitia kwenye hotpoti, na hotpoti akaizungushia blanketi la Ahmadi. Ng'ombe walikuwa uani wote. Ndama alikuwa ananyonya. Kilichokosekana ni afisa.

Saa zilikwenda. Kwandu alikaa chini, mgongo ukutani, mkono juu ya blanketi, akiusikiliza ule moto kwa kiganja. Kila mara Naima alimwuliza kwa macho, naye alijibu kwa kichwa kwamba bado upo. Adhuhuri ilikuwa inakaribia pikipiki ilipolia nje.

Bwana Paschal alikuwa mtu mpole, na hilo lisemwe. Alivua kofia ngumu, akamwamkia Bi Yasmini, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema ametoka nyumbani bila hata kupiga mswaki vizuri kwa kazi zilivyo nyingi. Akapita uani. Alizunguka ng'ombe, akawahesabu kwa kidole, akatazama alama zao za masikioni. Aliinama akaona ndama anavyovuta titi.

"Huyu ni mama yake," akasema. "Hapa hakuna ubishi. Mimi nimezaliwa na ng'ombe nyumbani, siwezi kudanganywa. Nitaandika watolewe leo leo."

Kwandu alifunika uso kwa kanga. Naima aliegemea tangi la maji.

Bi Yasmini, aliyelelewa vizuri na mama yake, ambaye naye alilelewa vizuri, alitokea na chupa ya chai. "Baba, keti kwanza. Mtu haandiki na njaa."

"Kwa kweli, mama, tangu jana usiku sijatia kitu."

"Na wewe unywe chai kavu nyumbani kwangu?" Akainama, akafunua blanketi, akafungua hotpoti.

Harufu ya samli ikajaa uani. Ng'ombe wote wakainua vichwa.

"Mama, hiyo siyo," Naima alisema haraka. "Bwana Paschal, ngoja nikukaangie nyingine, ya moto zaidi. Dakika moja tu."

"Usijisumbue, dada. Mimi sina makuu. Hii hii inatosha."

"Hiyo ndiyo inayowaweka hawa ng'ombe hapa. Ikiisha, wanaondoka."

Bwana Paschal alimtazama, akawatazama ng'ombe, akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Basi nitakula kidogo tu," akasema. "Nitawaachia kipande."

Naima alimgeukia Kwandu. Kwandu aliangalia chini. Kwao mtu aliyeshika chakula mkononi hazuiwi, hata kama ni adui, na huyu hakuwa adui, ndiye pekee aliyekuja. Bi Yasmini alikuwa bado ameshika kifuniko. Uso ulimshuka alipokumbuka, lakini chapati ilikuwa imeshamegwa, na kumpokonya mgeni ni jambo ambalo hakujua hata linaanzia wapi.

Tonge la kwanza liliondoa wale wa karibu na choo. La pili likaondoa fahali. Bwana Paschal alisema parachichi limekaa mahali pake. Alikula kwa heshima, bila pupa, akifumba macho, na ukuta wa jirani ukazidi kuonekana, mpaka ukawa wazi wote. Alipofikia kipande cha kama kidole gumba, alisimama kama alivyoahidi, akakirudisha kwenye hotpoti, akaifunika. Uani alibaki Kanyange peke yake, na ndama chini yake.

"Anatosha huyu," akasema. "Ndiye wa muhimu." Akanawa mikono, akakung'uta mifuko, akatafuta kalamu. Aliyoipata haikuandika. Aliisugua kwenye soli ya kiatu, akaipulizia, akaandika tarehe.

Kitu kidogo hupoa upesi.

Alipoinua macho, ndama alikuwa amenyoosha shingo, ulimi nje, ananyonya hewa. Bwana Paschal aliishusha kalamu. Alionekana kuumia, nami siwezi kusema alijifanya.

"Nimewaona," akasema. "Mtu akiniuliza pembeni, nitamwambia nimewaona. Lakini kwa kuandika, naandika kilichopo wakati naandika." Akaandika kwamba alifika kwenye nyumba hiyo, akakuta ndama mmoja, na ng'ombe hawapo. Alimsomea Kwandu taratibu, asije akasema ameonewa.

"Mnada wa kesho utaahirishwa?" Naima aliuliza.

"Mnada hauko mikononi mwangu, dada."

Ndama alikuwa ameisikia harufu ya samli iliyobaki vidoleni mwa Bwana Paschal. Alimwendea akiyumba, akakamata vidole vyake, akaanza kuvilamba na kuvivuta kimoja baada ya kingine, mkia ukitikisika. Bwana Paschal alimwachia mkono. Alicheka kwa upole, akamkuna katikati ya masikio.

"Kana njaa haka," akamwambia Kwandu. "Mkapatie maziwa."

"Haya, baba," Kwandu alijibu, akapiga goti kidogo.

Bwana Paschal alisubiri hadi ndama alipomaliza kidole cha mwisho. Kisha akafuta mkono kwenye suruali, akashukuru kwa chapati, akavaa kofia yake.