Saa Mbili na Saa Nane

Kwa miaka mitatu ndugu hawa wawili walinuniana, na sababu yenyewe ukiisikia utacheka. Mkubwa, karani wa benki, aliwahi kucheza soko la fedha kwenye simu akapata pesa nzuri mara moja, akamnunulia mkewe cherehani ya umeme. Mdogo wake, fundi friji, akaja mbio kuulizia siri.

"Hakuna siri, mdogo wangu. Nilibahatisha. Zilizofuata zote zimeliwa."

Nani atakubali jibu kama hilo huku cherehani mpya inanguruma chumba cha pili? Fundi aliondoka amefura, akaapa hatakanyaga tena pale.

Ugonjwa ulipomlaza karani kitandani, mkewe alimpigia simu shemeji yake. Akaja, akasimama mlangoni na sanduku la vifaa mkononi kama mtu aliyeitwa kutengeneza kitu. Alimjulia hali, akatazama saa. Mgonjwa akaona huyu anaondoka na hatarudi.

"Kaa," alisema. "Nitakwambia ile siri."

Upande wa pili wa pazia, mguu wa mke uliganda kwenye kanyagio la cherehani.

"Soko lina saa mbili tu za kweli. Saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Njoo saa hizo, nikufundishe kulitazama. Ukichelewa, basi."

Hizo zilikuwa saa za dawa. Mgonjwa hakuweza kukaa mwenyewe, na mke hakuwa na nguvu za kumnyanyua bila kumuumiza. Dozi ya tatu, ya usiku, alihangaika nayo peke yake, maana fundi naye alikuwa na watoto wa kuwahi.

Kwa wiki saba fundi hakukosa hata siku moja. Alimkalisha kaka yake, akamshikilia mgongo, akamnywesha kidonge, kisha akafungua daftari. Mafunzo yenyewe yalitungwa papo hapo: hesabu mistari mitatu myekundu ya chati kwenye simu, ruka wa nne, nunua kwenye wa tano. Fundi aliandika yote.

"Ulikuwa mchoyo tangu utotoni," alimtania. "Hata peremende ulikuwa unailamba kwanza ili nisiombe."

Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa. Mke alikuwa hajasikia kicheko hicho miaka mingi, na kwa ajili yake akafumba mdomo. Siku moja tu ndipo alipomuuliza mumewe, "Utamwambia lini ukweli?"

"Nikimwambia, atakuja?"

Mke akamvutia shuka kifuani.

"Utamwambia wewe, nikishaondoka."

Akaondoka kweli. Mke akawa anaahirisha. Leo ana uchungu mno, kesho anaona haya. Miezi miwili ikapita hivyo, hadi fundi alipokuja bila sanduku lake, daftari tu mkononi.

"Sanduku liko wapi, shemeji?"

"Nimeliuza, nikaongezea mtaji wa soko." Alikuwa amekonda, macho mekundu. "Kuna kitu kidogo tu nakosea. Kesho naweka sahihi, nauza nyumba. Nikipatia mara moja, zote zinarudi."

Katika nyumba ile walilala watoto wake wanne. Mke alipiga moyo konde, akavuta droo ya cherehani na kutoa bahasha ya dawa, yenye mwandiko wa hospitali: kidonge kimoja, saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Akaiweka juu ya daftari.

"Shemeji, alitunga. Zile zilikuwa saa za dawa. Alitaka uje tu. Alikupenda, akaona aibu kukuomba. Mimi nilisikia yote nikanyamaza, kwa sababu nilihitaji mikono yako. Nisamehe. Usiuze nyumba."

Fundi alisoma bahasha, akairudia. Midomo ilimtetemeka. Mke alidhani sasa atalia, naye machozi yakaanza kumtoka, akavuta kiti karibu ili walie pamoja.

"Saa mbili usiku," fundi alisema polepole. "Hii hakuniambia."

"Hiyo nilikuwa nampa mimi, shemeji."

Lakini alikuwa ameshafungua daftari ukurasa mpya, anapapasa mifuko akitafuta kalamu.