Kitanda cha Mkwe

Niliposhuka kwenye basi Johannesburg, miguu ilikuwa imevimba hata viatu nimevishika mkononi. Mkwe wangu Luqman alikuwa amesimama pembeni ya geti, kainamisha kichwa, akaniamkia huku akitazama begi langu. Nikaitikia huku nikitazama ukuta. Moyoni nilifurahi. Nikasema, kijana yuko ugenini miaka yote hii na adabu ya Tanga hajaipoteza, alhamdulillahi.

Begi lilikuwa zito kwa vitu vya uzazi: pilipili manga, mdalasini, mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, kanga kuukuu za kumfungia tumbo, na udi. Zabibu ndiye mwanangu wa pekee. Mimba mbili zilimtoka hukohuko Afrika Kusini nami niko mbali, nikazililia kwenye simu. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wake. Mimi mjane wa darasa la saba, ambaye safari yangu ndefu ilikuwa Dar kwenye msiba, niliapa kwamba mara hii atajifungua mimi nipo, na nitamlea arobaini yote.

Luqman alikuwa ameazima gari. Nilikaa nyuma, na njia nzima maneno yake aliyapeleka kwenye kioo cha mbele.

"Kama mama anasikia baridi, blanketi liko hapo kwenye kiti."

"Mama anashukuru," nikamjibu.

Ilikuwa Agosti, mwaka 2018. Sikujua kwamba Afrika kuna baridi ya namna ile, kavu, yenye upepo wa vumbi unaopasua midomo. Tukaingia Soweto, nyumba ndogondogo zimepangana, tukasimama mbele ya nyumba ya vigae yenye geti la chuma na maua. Nyumba ile niliijua. Zabibu alipiga picha mbele ya geti lile, akaituma kwenye simu ya jirani yangu Shufaa, na wanawake wote tunaosoma nao maulidi kwetu Ngamiani wakaiona. Wengine niliwaonyesha mara mbili.

Nikajiweka sawa mtandio, tayari kuingia. Luqman akachukua begi, akaupita mlango wa mbele, akafuata ukuta kuelekea nyuma. Dirishani bibi mmoja wa Kizulu akanipungia mkono. Nyumba ilikuwa yake. Gereji yake ndiyo iliyokuwa duka la Luqman, imezibwa nondo mbele nzima, wateja wanapokea mkate na sigara kupitia tundu. Nyuma ya gereji, mbele ya mlango wake wa uani kabisa, kulikuwa na vyumba viwili vya mabati vimeegemeana. Kimoja wanakaa Wakongo. Cha pili ndicho cha mwanangu.

Zabibu alinikumbatia kwa ubavu maana tumbo lilikuwa limetangulia. Miguu yake ilikuwa imevimba kuliko yangu. Akanikalisha kwenye kiti, kilikuwa kimoja tu, na kabla sijamaliza kumuuliza hali akasema, "Mama, nimeweka pazia."

Pazia lenyewe lilikuwa kanga, imetundikwa kwenye kamba katikati ya chumba. Nyuma yake kitanda chao. Mbele yake godoro, ndiyo nafasi yangu.

"Na mumeo atalala wapi?"

"Humu."

"Humu na mimi?"

"Mama, si nimekwambia nimeweka pazia?"

Kwetu mama mkwe halali chumba kimoja na mkwewe. Hata kitanda chake hakitazami. Mama yangu alipokuja kunilea nilipomzaa huyu Zabibu, marehemu mume wangu alihamia kwa jirani arobaini nzima, akija mchana kunijulia hali na kurudi zake, na hakuna mtu aliyeliona jambo. Nilikaa kwenye kile kiti nimegeuzia pazia mgongo, chai ikapoa mkononi.

Mlangoni akaingia mwanamke mnene, nywele kazisuka nusu, nusu bado.

"Mama ya Zabibu! Karibu, karibu sana. Mimi ni Jeannine, niko naishi hapa pembeni. Watu ya Bukavu tunajua kupokea mugeni, lakini leo unanikuta na kichwa ya wazimu."

Akacheka mwenyewe. Akatazama godoro, akatazama pazia, akanitazama mimi. Mwanamke yule alikuwa na macho.

"Eish. Mama, kuya ulale kwangu. Bwana yangu Évariste iko analinda usiku, anarudia asubuhi. Kitanda iko wazi, ni kubwa, tutalala wawili."

Nilisogea mlangoni kumjibu, na kupitia mlango wake uliokuwa wazi niliona picha ya Yesu, moyo nje, imening'inia juu ya mto. Nikasema, "Nashukuru, dada. Ila mimi nina swala zangu."

"Salia huko. Nani atakukataza?"

"Nashukuru. Tutaangalia."

Akaelewa kwamba nimekataa. Mlango wa uani wa duka ulikuwa wazi, na watu wawili waliokuwa wakisubiri kwenye tundu nao waliniona nikitazama ile picha.

"Mama, ile Yesu ni ya karatasi, haiumake muntu," akasema, safari hii bila kucheka, akaenda zake kumalizia nywele.

Zabibu aliinama kuwasha jiko. Baadaye ndipo akaniambia habari ya Burhani. Burhani, binamu wa Luqman, ndiye aliyekuwa akilala dukani kulilinda. Wiki iliyopita watu walivunja maduka ya wageni mtaa wa pili, wakamkuta Mhabeshi mmoja amelala ndani ya duka lake. Walimpiga hata majirani wakambeba hospitali na mashuka yake. Kesho yake Burhani akapanda basi la Durban.

"Tangu hapo hamlali mtu humo dukani. Waje wachukue sukari yao. Nimemwapisha Luqman."

Nikasikia, nikasema Mungu atawalinda, nikaendelea kuchambua mchele. Niliisikia kama habari ya mtaa.

Jua la huko linazama mapema. Luqman alifunga duka kabla ya giza, akala chakula chake nje amesimama, baridi ile, kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Nilisali magharibi, nikakaa na tasbihi mpaka isha ikaingia, nikasali na isha. Niliposhusha mikono nikamwona amejitosa nusu mwili mlangoni, kafumba macho kwa heshima, anapapasa blanketi lililokuwa juu ya sanduku.

"Unaenda wapi?" Zabibu akamuuliza.

"Dukani."

"Dukani hulali."

"Mama yumo ndani, Zabibu. Unataka nilale wapi?" Alisema kwa sauti ndogo, lakini chumba kile hakikuwa na pa kufichia sauti.

Zabibu akanigeukia. "Mama, sema neno moja tu. Mwambie alale humu. Wewe ndiye mkubwa, ukisema atakubali."

 Niliwaona wanawake wa maulidi wamekaa mstari, Shufaa wa kwanza, wananiuliza ulilalaje kwa mkweo. "Mwanangu," nikasema, "ile ni kanga. Nitamsikia akigeuka."

"Msikie! Akigeuka si yuko hai?"

"Kwa nini hukuniambia kuwa ni chumba kimoja?"

"Ningekuambia ungekuja?"

 Jibu alikuwa nalo tayari.

"Nilimwambia Luqman," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka, "nilimwambia, mama akifika atatazama tunavyolala kabla hajatazama tunavyoishi. Akanikatalia. Akasema mama yako hayuko hivyo."

Akachukua mto. Akajishika kiuno, akapita mbele yangu, akamfuata mumewe.

Nilibaki na kitanda chao. Chumba kizima changu, pazia, blanketi na heshima yangu yote. Niliwasikia wakibishana upande wa pili wa bati, Luqman akimbembeleza arudi, yeye akisema harudi. Kisha nikasikia maboksi yakiburutwa. Nikajifunga kanga ya pili, nikatoka.

Dukani walikuwa wametandika maboksi kati ya viroba vya unga na kreti za soda. Mwanangu alikuwa amelalia ubavu kwenye sementi ile, tumbo amelikumbatia kama mtu aliyebeba mtungi, na Luqman amekaa kati yake na nondo za mbele, kipande cha bomba magotini. Aliponiona akasimama haraka, akatazama chini. Barabarani vijana walikuwa wakipita, wanaimba, mmoja akapiga nondo kwa kopo akienda. Wote watatu hatukupumua mpaka walipopita.

"Luqman," nikasema. Sikuwahi kumwita kwa jina. "Rudini ndani. Lala na mkeo kitandani kwenu."

"Mama, samahani. Mama akiwa mle, mimi siwezi." Kweli hakuweza. Jasho lilikuwa likimtoka katika baridi ile. Adabu niliyomsifia asubuhi ndiyo iliyokuwa imemsimamisha pale na bomba mkononi.

"Sitakuwa mle. Nitalala kwa Jeannine."

Zabibu akainua kichwa kwenye mto. "Jeannine uliyemkataa mchana mbele za wateja?"

"Nitamwomba."

"Mwombe basi," akasema. "Ukimaliza uje utuambie, ndipo nitaamka hapa." Hakuniamini. Na mimi katika hali yake nisingejiamini.

Nikabisha hodi. Jeannine alikuja amefunga kitambaa kichwani, akafungua mlango nusu, akausimamia.

"Ni nani? A, mama ya Zabibu. Na swala?"

"Nimeshasali."

"Na Yesu?"

Baridi ilikuwa ikinipanda miguuni. Nilijua kwamba ana haki ya kuniweka pale, nami sikuondoka. "Dada yangu," nikasema, "mchana nilikosea. Nakuomba sehemu ya kulala. Si leo tu. Mpaka mtoto atoke arobaini."

 "Arobaini! Évariste atasema nimeoa muke ya pili." Akavuta mlango. "Ingia, mama, baridi inaingia nayo. Nitatoa ile picha."

"Iache. Chumba ni chako."

Nikarudi kumwambia Zabibu. Aliinuka kwa kushikwa na mumewe, akapita bila kunishika mkono, akasema, "Lala salama, mama," kama anavyomwambia mpangaji mwenzake.

Jeannine alisali rozari yake, akalala mara moja, akakoroma. Mimi nililala ukingoni, upande wa bati, kimacho. Bati lile halizuii kitu. Nilisikia kitanda kikilia, nikasikia Luqman akisema neno ambalo sikulishika, na mwanangu akacheka. Kicheko kile nilikilea mimi, nakijua. Siku nzima hakukitoa mbele yangu hata mara moja.

Nikasoma ayatul kursiy kwa ajili yao, na nilipomaliza walikuwa bado wanacheka. Nikavuta blanketi la watu mpaka masikioni.