Tepu Yenye Adabu

"Vuta pumzi, Bwana Mkubwa," alisema Fundi, amepiga magoti kwenye sementi ya uani, tepu yake imezunguka kifua cha farasi. "Usijifanye hujasikia. Vuta, halafu iachie taratibu."

Bwana Mkubwa hakuvuta chochote isipokuwa ncha ya kitambaa cha kichwani cha Fundi, akaitafuna kwa utulivu wa jaji anayesoma hukumu. Ieleweke mapema kwamba jina lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa farasi wa kile kimo kidogo, mgongo wake ukiishia kiunoni mwa mtu mzima. Alizaliwa hivyo na hakuwahi kumwomba mtu radhi. Ujanani alifanya kazi na mume wa Fundi, mpiga picha. Watoto wa mji mzima walipandishwa mgongoni mwake, wakaambiwa watabasamu, wakalia. Mpiga picha alipofariki aliacha kamera mbovu, dada yake na farasi. Fundi aliiuza kamera. Hao wengine wawili akakaa nao.

Sasa farasi alikuwa amezeeka. Magoti yake ya mbele yalivimba na kukaza, na kila mara mguu wa kushoto ulipogusa chini, kichwa kilipanda juu ghafla, kama mtu anayejibu: ndiyo, inauma, ndiyo, bado inauma. Daktari wa mifugo aliita baridi yabisi. Alisema haiponi, ila inatunzika: apunguzwe mwili ili magoti yapumue, apewe unga wa dawa, atembezwe polepole. Dawa ilitegemea uzito, na uzito ulikadiriwa kwa mzingo wa kifua. Na nani wa kupima kifua kama si fundi cherehani? Kila Ijumaa alipima, kisha akapiga simu.

"Amepungua tena, daktari," alisema Ijumaa hiyo, akataja namba.

"Vizuri. Na kuchechemea?"

"Kumezidi."

"Mama, nikwambie ukweli. Kama mwili unapungua, dawa anakula, na bado anazidi kuumia, basi magoti yamekwisha. Tutakuwa tunamchelewesha kwa ajili yetu sisi, si kwa ajili yake. Kesho kutwa nakuja. Nitakuja na sindano ya kumpumzisha. Sijasema tutaitumia. Nasema nitakuja nayo."

"Sindano ninazo tele hapa nyumbani," Fundi alijibu, kisha akakata simu.

Fundi hakuwa mtu wa kulia. Shida ikiingia mlangoni, yeye hukata kitambaa. Aliteremsha jora la sufi nzito, rangi ya majivu, akaanza kushona blanketi. Kama Bwana Mkubwa alikuwa anaondoka, hataondoka akitetemeka. Wala hakupima. Mikono yake ilimjua farasi yule kama inavyojua njia ya kwenda jikoni gizani. Mkasi ulipita, cherehani ikanguruma, na jua lilipofika katikati ya ua blanketi lilikuwa mgongoni mwa mwenyewe, limefungwa kifuani kwa vifungo vya koti.

Wifi yake alitoka jikoni, mkono mmoja mfukoni mwa sweta. Alimzunguka farasi mara moja, akamzunguka tena.

"Limemkaa," alisema.

"Asante, wifi."

"Wala sijakusifu, nashangaa. Halina hata pa kupitisha kidole. La mwaka jana si lilikuwa saizi hii hii?"

"La mwaka jana lilikuwa dogo kidogo."

"Haya. Na wewe kila Ijumaa unaimba amepungua, amepungua. Ningekuwa napungua hivyo mimi, ningeshaolewa tena."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, bila haraka, akazichomeka kwenye kola. Kisha akamvua farasi blanketi, akachukua tepu, na safari hii akaizungusha kifuani, macho yakiwa kwenye mikono yake mwenyewe, kama polisi anayemfuata mtu sokoni. Akaiona. Mikono ilikaza tepu kidogo, ikaizamisha kwenye manyoya, kisha kidole gumba kikasogea nyuma, kwenye namba ndogo zaidi, kwa unyenyekevu kabisa.

Kosa hilo lilikuwa na historia ndefu na yenye heshima. Tangu akiwa mwanagenzi, mteja mnene akisimama mbele ya kioo, Fundi alivuta tepu na kutaja kwa sauti namba ambayo mtu angeweza kurudi nayo nyumbani akala chakula chake kwa amani. Halafu alikata kitambaa kwa namba ya kweli. Mdomo ulikuwa na adabu, mkasi ulikuwa na akili, na hakuna gauni lililowahi kupasuka. Lakini kwa farasi mkasi haukuitwa. Ilibaki adabu peke yake, Ijumaa hadi Ijumaa, ikipelekwa kwa daktari kwa simu.

"Wifi," alisema Fundi, "nimemfanyia adabu farasi."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakumbuka sindano, akaacha. Alitoa mkono mfukoni na kuweka kipande cha mkate juu ya meza ya kukatia.

"Na mimi nimekuwa nikimfanyia," alisema. "Asubuhi na jioni. Ananitazama, wifi. Utafanyaje mtu akikutazama vile?"

Fundi alipiga simu, akaeleza yote bila kupunguza hata inchi.

"Mama," daktari alisema, "lile koti langu ulilonishonea. Ile namba uliyonitajia..."

"Koti limekukaa?"

"Limenikaa vizuri sana."

"Basi, daktari, tusifukue."

Daktari alicheka kwa nguvu hadi farasi akageuza masikio kuelekea simu. Aliporudi kwenye habari za kazi, alikuwa mkali. "Kwa hiyo nimekuwa nikimtibu farasi mwembamba ambaye hayupo. Dawa ndogo, chakula kingi. Tumpe muda mpaka msimu wa baridi uishe. Kipimo cha kweli, dawa ya kweli. Akishindwa hapo, ameshindwa kweli, na sindano nitaileta."

"Hatashindwa," alisema Fundi, kwa sauti ileile aliyowaahidia mabibi harusi kwamba gauni litakuwa tayari. Na mtaani pale hakuna bibi harusi aliyewahi kuolewa uchi.

Ukaanza utawala mpya. Fundi alishona wavu wa nyasi wenye matundu madogo, ili mlaji ahangaike. Bwana Mkubwa aliutazama kama mgeni aliyepewa chai bila sukari nyumbani kwa tajiri. Nyasi zililowekwa majini kupunguza utamu. Mkata kwato alikuja akafupisha ncha za kwato zilizokuwa zikivuta goti vibaya. Seremala alitoa maranda, yakamwagwa bandani juu ya mkeka mkuukuu wa mpira mpaka yakawa laini kama godoro. Unga wa dawa ulijificha ndani ya karoti iliyokunwa. Asubuhi na jioni Fundi alimtembeza kwenye njia ya udongo nyuma ya nyumba, polepole, mbele kidogo kila wiki. Wifi alimpelekea huruma tupu, bila mkate.

Na kila Ijumaa Fundi alibana mishono ya blanketi. Vipande vya sufi vikaanza kujaa kwenye kikapu.

Msimu wa baridi ulipokatika, daktari alikuja, amevaa koti lake. Begi lenye sindano aliliweka chini, karibu na mguu. Alimtazama farasi akitembea: kichwa bado kilipanda, ila kidogo, kama mtu anayemsalimia jirani wa mbali.

"Bado anachechemea," daktari alisema.

"Hata mimi nachechemea," wifi alidakia. "Nani ameniletea begi?"

Daktari alipapasa magoti, akayakunja na kuyanyoosha. "Analala chini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Farasi mwenye maumivu hulala wima, kwa sababu akishuka hana hakika ya kupanda. Msimu mzima Bwana Mkubwa alikuwa amelala ameegemea ukuta. Fundi alihisi jibu zuri likija mdomoni, lenye adabu zake zote.

"Hapana," alisema. "Sijamwona akilala hata siku moja."

Daktari aliinamisha kichwa, akaokota begi. "Mpeleke kule kwenye njia ya udongo kwanza. Mvue hilo blanketi."

Fundi alimpeleka, akamvua. Bwana Mkubwa alinusa ardhi, akazunguka, akanusa tena. Kisha goti bovu likakunjika, na lile jingine, na mwili mzima ukaenda chini.

Farasi alijipindua, tumbo likatazama mbingu, miguu minne mifupi ikapiga hewa bila heshima yoyote. Vumbi likapanda. Akalala ubavu, akihema. Akainua kichwa. Akanyoosha mguu wa kulia mbele, akaukita. Wa kushoto ukafuata, ukatetemeka, ukasimama palepale.

Wifi alitaka kwenda kumsaidia. Fundi alimshika mkono.

Farasi akasukuma, akainuka, akajikung'uta, na vumbi lote likaenda kwenye koti la daktari na juu ya begi, ambalo halikufunguliwa.

Fundi alilirudisha blanketi mgongoni mwake. Alipitisha kidole kati ya sufi na mbavu, kisha kiganja chote, kikapita. Akachomoa pini kwenye kola, aanze kubana tena.