Skrubu Sita za Kifuniko cha Nyuma

Asubuhi ile fundi wa ndege alikuwa ameshagombana na watu watatu kabla hajashika bisibisi. Wa kwanza ni mlinzi wa geti la uwanja, aliyemwambia picha kwenye kitambulisho chake imefifia, kana kwamba sura yenyewe haikuwa imesimama mbele yake. Wa pili ni mtunza stoo, aliyempa kioo cha kukagulia kilichovunjika mpini na kumwambia ajitahidi hivyo hivyo. Wa tatu ni rubani, mume wa mdogo wake, na huyo aligombana naye kwa sababu tu alikuwa karibu.

"Shemeji, jioni nitaipata?" rubani aliuliza, akiwa ameegemea bawa la ndege yake.

"Ukiniuliza tena utaipata kesho kutwa."

"Si mimi. Wauguzi wananisubiri na chanjo zao zimo kwenye barafu. Na usiniambie haraka haraka haina baraka, hiyo nimeisikia tangu darasa la kwanza."

"Sikuambii kitu. Shika hiki kiti, kitoe nje."

Rubani alishika kiti, akakitoa nje.

Kazi yenyewe ilikuwa ya lazima. Mamlaka ya anga ilikuwa imeagiza kwamba kila ndege ndogo ya aina ile, ikishavuka miaka kumi na tano, ifunguliwe sakafu kila baada ya miezi kumi na miwili, na nyaya za chuma zinazotoka kwenye usukani wa rubani hadi mkiani zikaguliwe vichwa vyake, kimoja baada ya kingine. Kichwa ni kipande cha chuma chenye unene wa kidole cha mwisho, kilichobanwa kwenye ncha ya waya ili uungane na mwenzake. Ukikitazama juu juu kinang'aa kama kijiko kipya, kumbe kutu imeshaanza kukitafuna kutoka kwenye doa dogo kuliko punje ya haradali. Kikikatika ndege ikiwa angani, rubani atavuta usukani na mkia hautamsikia.

Fundi hakuwa na ugomvi na agizo. Ugomvi wake ulikuwa na vile viti vinne vya kung'olewa, na zulia lililogandishwa kwa gundi, na vifuniko vya sakafu ambavyo kila kimoja kilikuwa na tundu la kupenyeza mkono wa mtoto, si wa mtu mzima wa miaka arobaini na saba. "Aliyeichora hii ndege hakuwa na mikono," alisema kila mwaka, na mwaka huu alilisema mara mbili kabla ya saa nne.

Pale karakana walimwita Bi Tochi. Alikuwa haamini kitu mpaka akimulike. Mafundi wadogo walikuwa wakimkwepa, kwa maana ukimwambia umeshaangalia, yeye hukuuliza, "Uliangalia, au uliona?" na ukibabaika anakurudisha ukaanze upya. Aliwahi kumfokea mtu mzima mwenzake mbele ya wateja kwa skrubu moja iliyolegea.

Skrubu ya kifuniko cha tatu ilikuwa imeliwa kichwa. Aliihangaikia karibu saa nzima, akaitoboa, ikakatika nusu, akaitoboa tena. Jasho lilimwingia machoni. Rubani alichungulia, akafungua mdomo, akaufunga. Saa nane ndipo fundi alipofika kwenye kifuniko cha mwisho, kule nyuma kabisa, mahali ambapo mtu hulala kifudifudi na miguu ikabaki nje ya mlango. Kilikuwa na skrubu sita. Alimulika ya kwanza aone bisibisi ipi inaifaa.

Skrubu ilikuwa na rangi.

Rangi yenyewe si ajabu, maana ndege ilikuwa imepakwa upya ndani. Lakini rangi ile ilikuwa nzima. Ilijaza mfereji wa skrubu na kuendelea juu ya kifuniko bila mkwaruzo. Alimulika ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Tangu siku iliyopakwa, hakuna mkono uliowahi kukifungua kifuniko kile.

Alijitoa kinyumenyume, akaenda moja kwa moja kwenye daftari la ndege. Hasira zilikuwa zimemjaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi ana haki nazo. Alitafuta tarehe ya rangi: mwaka jana, mwezi wa pili. Akafunua kurasa mbili mbele. Ukaguzi wa nyaya za usukani ulikuwa mwaka jana, mwezi wa tatu. Vifuniko vyote vimefunguliwa, vichwa vyote vimekaguliwa, hakuna kasoro. Chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu.

Ilikuwa sahihi yake.

Akaikumbuka siku ile. Mama yao alikuwa amelazwa ghafla, na simu ilikuwa haiachi kulia. Alikuwa anafanya kazi na mwenzake waliyemwita Chapuchapu, mtu mcheshi, mwepesi wa mikono, ambaye baadaye alihamia uwanja mwingine. Chapuchapu alimwambia, "Nenda kwa mama, Bi Tochi. Nyaya zote nimeshaziangalia." Naye akaweka sahihi akiwa amesimama, simu imebanwa baina ya sikio na bega. Hakumuuliza lile swali lake.

Alirudi akalala kifudifudi. Alikwangua rangi, akafungua skrubu zote sita, akasafisha kichwa cha waya wa kulia kwa kitambaa, kisha cha kushoto. Kwenye cha kushoto palikuwa na doa la kahawia. Akapaka ile dawa nyekundu inayopenya kwenye nyufa, akasubiri, akaifuta, akapuliza unga mweupe juu yake. Mstari mwekundu ukajichora polepole, mwembamba kama unywele, ukizunguka nusu ya kichwa. Akafuta vyote akarudia. Mstari ukarudi palepale.

"Nini hicho?" rubani aliuliza kutoka mlangoni.

"Ufa."

"Mkubwa?"

"Nusu ya mzunguko."

Rubani alikaa kwenye kiti alichokitoa mwenyewe asubuhi, pale sakafuni mwa karakana. "Mwezi wa likizo," alisema, "nilimpakia mdogo wako na watoto. Wote watatu." Kisha sauti ikabadilika. "Nani alikagua mwaka jana? Nitajie, nimfuate leo leo."

Fundi alimpa daftari. Rubani alisoma, akarudia kusoma, akalifunga. Aliposema, alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma fundi kuliko kama angemtukana.

"Badilisha waya, shemeji, tuendelee. Hakuna aliyeumia. Atajua nani?"

"Chapuchapu alikagua ndege nyingine nne mwezi ule ule. Zote niliziwekea sahihi kwa neno lake, mama akiwa bado hospitalini. Mbili zimeshauzwa, mbili ziko viwanja vingine. Siwezi kuzifungua mimi. Mamlaka tu ndiyo inaweza kuzizuia zisiruke."

"Watakunyang'anya leseni."

"Najua."

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisi za mamlaka, dirisha namba tatu, akiwa na daftari na picha za ule ufa. Karani alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole. Alisikiliza kwa makini, akafungua fomu kwenye kompyuta.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi."

"Mlalamikiwa?"

"Mimi."

Karani aliandika namba ya leseni mara mbili, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Mfumo unakataa. Unasema mlalamikaji na mlalamikiwa hawawezi kuwa mtu mmoja."

"Basi huo mfumo haujawahi kuishi na mimi."

Karani hakucheka. Alimwelekeza chumba namba tisa akachukue barua ya kuomba fomu ya karatasi. Chumba namba tisa walimwambia fomu za karatasi zilifutwa tangu mfumo uanze, arudi dirisha namba tatu. Dirisha namba tatu lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Aliomba kumwona mkaguzi mkuu, akaambiwa yuko safari, anarudi keshokutwa, na msaidizi wake hapokei mtu asiye na namba ya shauri, na namba ya shauri inatolewa na mfumo.

"Mama, ndege nne ziko hewani," alimwambia karani dirisha lilipofunguliwa. "Sikutanii. Ziko hewani sasa hivi."

"Nakuelewa, dada yangu. Lakini mimi siwezi kuulazimisha mfumo."

Alijaribu kuwapigia wenye ndege mwenyewe. Wa kwanza alimwambia atume barua rasmi. Wa pili alimuuliza kama ametumwa na washindani wake wa biashara, akakata simu. Wa tatu hakupatikana. Wa nne alimsikiliza, akashukuru, akasema ndege yake ina sahihi ya fundi kwenye daftari, sahihi nzuri kabisa, na yeye anaiamini. Fundi alishusha simu, akaiweka mezani kifudifudi. Miaka yote alikuwa amewafokea wenzake kwa uzembe wao, na sasa sahihi yake ilikuwa inamshinda maneno.

Jioni mdogo wake alikuja nyumbani. Hakukaa.

"Uliweka sahihi," mdogo mtu alisema.

"Niliweka."

"Hukuangalia."

"Sikuangalia. Niliambiwa."

"Wanangu walikuwa ndani, dada. Yule mdogo alilala njia nzima kichwa chake kikiwa mapajani mwangu." Mdogo mtu akageuka, akatoka, na mlango akauacha wazi.

Siku ya pili ofisini ilikuwa kama ya kwanza, ila safari hii foleni ilikuwa ndefu zaidi. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alikuwa amesimama tena dirisha namba tatu akisikia maneno yale yale aliposikia mtu akigonga kaunta pembeni yake. Alikuwa rubani, na hakuwa amenyoa ndevu.

"Mlalamikaji niandike mimi," alimwambia karani. "Ndege ni yangu. Mlalamikiwa ni huyu hapa. Miaka kumi na mbili nimemuoa mdogo wake, na miaka kumi na mbili natafuta nafasi ya kumshtaki."

Karani alimtazama huyu, akamtazama yule. "Mko pamoja?"

"Kwa bahati mbaya," rubani alisema. "Ni shemeji yangu."

Karani aliandika. Mfumo ukakubali kwa dakika moja, ukatoa namba. Fundi alitaka kufurahi, lakini kitu pekee alichoweza kufikiria ni kwamba siku mbili nzima zilikuwa zimepotea kwa sababu ya kisanduku kimoja cha fomu, na rubani angeweza kuja tangu juzi kama yeye angemeza kiburi akamwomba. Alimwambia hivyo walipokuwa wakishuka ngazi.

"Ungeniomba ningekataa," rubani alisema. "Juzi nilikuwa bado nakuchukia."

Amri ya kuzuia ndege zote nne ilitoka mchana ule ule. Tatu zilifunguliwa zikakutwa salama, ingawa moja ilikuwa na rangi isiyoguswa kama ile. Ya nne, ile ya bwana mwenye imani na sahihi, ilikutwa na kichwa kilichoanza kuchimbika kwa kutu, ufa ulikuwa haujafika. Chapuchapu alipohojiwa alisema aliangalia kwa kumulika kupitia tundu la pembeni, na kwamba kila mtu hufanya hivyo. Alifungiwa leseni mwaka mmoja. Fundi alifungiwa miezi mitatu. Barua yake ilimfikia kesho yake asubuhi, mlangoni kwake, haikuhitaji mfumo wala dirisha.

Waya mpya uliagizwa. Ulipofika ulikuwa mfupi kwa urefu wa kiganja, ukarudishwa. Wauguzi walisafiri kwa barabara, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na kila walipokutana na rubani walimuuliza lini. Wa pili ulifika wiki ya saba.

Siku ya kuufunga, fundi alienda karakana, akasimama nyuma ya mstari wa manjano, mikono mifukoni, maana hakuruhusiwa kugusa hata kitambaa. Fundi aliyepewa kazi alikuwa mzuri lakini mpole mno. Alikaza, akalegeza, akasoma kitabu, akakaza. Bi Tochi alimwona akishika bisibisi ndogo kuliko inayotakiwa, akang'ata ulimi. Alimwona akirudisha kifuniko cha nyuma, akashindwa kuvumilia.

"Uliona?" aliuliza kutoka pale mstarini.

Yule fundi alitoa kichwa nje. "Njoo utazame. Kutazama hakukukatazwa."

Akaenda, akalala kifudifudi, akamulika kichwa kimoja, akamulika cha pili. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha.

Rubani alipoipandisha ndege kwa majaribio, peke yake, fundi alikuwa kwenye uzio wa waya pembeni ya njia ya kurukia. Alisikia hatua nyuma yake akajua ni nani bila kugeuka. Mdogo wake alisimama kando yake, mkoba begani, akaangalia ndege ikizunguka mara moja, mara mbili, ikiinua pua, ikishusha pua. Hawakusalimiana. Ndege ilitua, ikakimbia, ikapunguza mwendo.

"Bado nina hasira na wewe," mdogo mtu alisema.

"Haya."

"Usiseme haya kama mtu aliyesamehewa."

"Sijasema nimesamehewa."

Kule njiani rubani alikuwa ameshazima injini, akashuka, akaanza kuzunguka mkia wa ndege akiusukuma kwa kiganja, juu, chini.

"Umekula?" mdogo mtu aliuliza.

"Tangu asubuhi, chai tu."

"Basi twende. Huyo atatufuata."