Chafya ya Maiti

Siku ile poda iliisha, na Bi Poda, mpambaji wa waigizaji, akampaka maiti unga wa ngano. Maiti mwenyewe alikuwa mumewe. Katika filamu moja ya zamani, ya kutisha na kuchekesha, alicheza marehemu anayeamka matangani kulalamika kwamba wafiwa hawalii vya kutosha. Aliicheza nafasi hiyo kwa vituko vyake mwenyewe: jicho moja limefumbwa, la pili linakagua waombolezaji, na mguu mmoja umekataa katakata kufa.

Sasa alikuwa amekufa kweli, wala hakuamka kulalamika. Bi Poda aliketi katika chumba cha mhariri aliyekuwa akiisafisha filamu hiyo ili ioneshwe upya. Alichokuja kukitafuta ni kipande kimoja tu, kile cha chafya.

Unga ulikuwa umemwingia puani. Maiti alipiga chafya jenezani, unga ukatimka hadi kwenye mishumaa, na Bi Poda, aliyesimama kando ya kamera na brashi mkononi, akaangua kicheko. Mwongozaji alifoka weee, lakini mkanda wa kurekodia ulikuwa umebaki kidogo, usiotosha kurudia, na maji yakishamwagika hayazoleki. Chafya ikaachwa. Watazamaji waliipenda kuliko filamu nzima.

Kwenye skrini, maiti alipiga chafya. Kikafuata kimya. Akageuza jicho lake pembeni, akatabasamu bila sababu.

"Mbona kicheko hakipo?" Bi Poda aliuliza.

"Kulikuwa na kelele za mtu hapo, mama," mhariri alisema. "Nimezifuta. Zilikuwa zinaharibu."

"Mtu huyo ni mimi."

Mhariri aliacha kubonyeza.

"Mwanangu, nyumbani picha zake ninazo tele. Lakini katika kipande hicho ndimo tulimo wote wawili, tukiwa vijana. Sasa ukinitoa mimi, yeye anamtabasamia nani?"

Mhariri alihangaika kidogo na mashine yake, akarudisha sauti, akaanza upya.

Chafya. Unga. Kisha kicheko cha msichana ambaye hajawahi kufiwa, na jicho la maiti likageuka kumtafuta, likatua pale pale alipoketi Bi Poda. Alimkumbuka mumewe mpaka kifua kikamuuma, na bado alikuwa anacheka.

"Afya, baba," alimwambia. Siku ile kicheko hakikumpa nafasi ya kulisema neno hilo.