Kiti cha Kwenda Nacho Kazini

Kila asubuhi Mukunde alitoka mtaani kwao Remera kwenda kazini wizarani na kiti kichwani. Mauaji na vita vilikuwa vimekoma Julai ya mwaka huo wa 1994. Sasa ilikuwa Desemba, na serikali mpya ilikuwa na mawaziri na mihuri, ila viti vilikuwa vimeporwa vyote. Mkurugenzi wake, Rugamba, mtu wa kutoka Bujumbura, alikwisha sema: asiye na kiti asije. Langoni vijana wenye shahada walikuwa wakingoja nafasi, na Ijumaa hiyo majina ya watumishi wa kudumu yangepelekwa juu.

Basi Mukunde alikitunza kiti kile kuliko viatu vyake. Chuo kikuu, Mlimani, alisomea utawala, hakusomea uchukuzi. Mshahara ulikuwa maharage na mafuta ya kupikia, lakini mama yake, aliyezeekea ukimbizini Karagwe, hakuchoka kuwaambia majirani kwamba binti yake ni mtu wa serikali.

Siku ya Alhamisi akaingia mama mmoja mwembamba, akajitaja kuwa Mukandekezi. Alikuwa anatafuta nyumba yake. Komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ilimtuma wizarani. Kabla hajamaliza kueleza, macho yake yakashuka kwenye mguu wa kiti, uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Hiyo kiti iko ya bwana yangu," alisema taratibu. "Hiyo mpira alifunga yeye."

Mukunde na mama yake walikikuta kiti kile ndani ya nyumba, siku mjomba wake mwanajeshi alipowapa funguo. Waliambiwa wenyewe wamekwisha, nao hawakuuliza zaidi. Nani anauliza, akipata paa baada ya miaka thelathini ya kuitwa mkimbizi?

"Nyumba yako ni ile ya nyuma ya uwanja wa mpira, mama? Yenye mlango wa bluu?"

"Eeh. Unaijua?"

"Tunaishi humo. Tuliambiwa wenyewe hawapo."

"Bwana na watoto, ndiyo, hawako. Mimi niko."

Mukunde aliona aibu. Akainuka. "Chukua kiti chako, mama."

"Nitakiweka wapi, mwanangu?"

Rugamba alikuwa amesikia yote. "Mambo ya nyumba si ya ofisi hii. Mama arudi komini. Na wewe, dada, keti ufanye kazi. Kesho ukija bila kiti, wako wengi pale nje." Alisema hayo kutoka kwenye kiti chake kipana cha ngozi, fotei ambayo nayo hakuna aliyeuliza ilikotoka.

Mukunde hakuketi. Alimkalisha mama kwenye kiti chake, naye akaandika akiwa amesimama dirishani mpaka saa za kazi zikaisha.

Mjomba angefoka. Mama yake angelia, na labda kesho watu wote wa nyumba ile wangelala nje. Na kiti kikirudi kwa mwenyewe, kazi ndiyo hiyo, ilikuwa imekwenda. Mukunde aliogopa yote hayo, akaogopa kweli, kisha akakitwika kiti kichwani kama kawaida. Mukandekezi akatangulia mbele kuelekea nyumba yenye mlango wa bluu, maana njia aliijua kuliko Mukunde.