Injinia na Kichuguu cha Mama Mkwe

Huko Abuku, wilayani Koboko, Uganda, Obitre alijiita Injinia. Shule ya uinjinia hakuiona hata dirishani. Alikuwa na pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa, na kwake hiyo ilitosha. Kila aliyekaa naye alihubiriwa maendeleo mpaka uji ukapoa.

Basi mchwa wakaanza kuguguna miche yake ya mikaratusi. Injinia akapanda boda hadi dukani kwa Sule, Koboko mjini. Sule akamuuzia dawa na kumwonya kabisa: kifuniko kimoja kwa ndoo, na isiguse kitu cha kuliwa. Obitre akacheka moyoni. Kifuniko ni cha waoga! Akaenda kumimina chupa nzima ndani ya kichuguu.

Na kichuguu chenyewe hakikuwa chake. Kilisimama shambani mwake, ndiyo, lakini kwao kichuguu cha kuvunia kumbikumbi kina mwenyewe hata kikiwa katika ardhi ya mtu mwingine. Mwenye hiki alikuwa mama mkwe wake, Elena, aliyekirithi kwa mamake. Kumwomba ruhusa? Tangu lini maendeleo yakaomba ruhusa kwa mama mkwe?

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kumbikumbi wakatoka wachache, wakipepesuka chini kama walevi. Mama Elena akafurahi kweli: mwaka huu hawaruki hata kidogo, wanazolewa kwa mkono. Akawakaanga. Sahani ya kwanza, kwa heshima, akaiweka mbele ya mkwe. Watoto wanne wa Obitre wakakaa wakingoja baba aonje, ndipo nao wale.

Loo, Injinia jasho likamtoka. Kukataa chakula cha mama mkwe ni tusi. Kumweleza alichofanya ni aibu ya kuhama kijiji. Akafikiria kuzimia, lakini hata kuzimia alikuwa hajui. Akasingizia tumbo. Mama Elena akamhurumia, akaisogeza sahani kwa watoto. Mdogo wao, Night, akachota konzi.

Obitre akamdaka mkono. Mdomo uliohubiri mwaka mzima sasa ukaungama.

"Mama, watoto wasikule. Iko na sumu. Mimi niliweka kwa kichuguu."

Mama Elena hakupiga kelele. Alimnawisha Night mikono, akarudia tena, kisha akauliza aliweka kiasi gani. Chupa nzima, Obitre akajibu, na kwa mara ya kwanza akajiona alivyo: mpumbavu mwenye pampu.

"Wakati ya vita askari walichoma nyumba, wakakula mbuzi yote," mama mkwe alisema. "Tulirudi kutoka ukimbizi Sudan, hakuna kitu. Hii kichuguu ndiyo ilitulisha. Vita ilishindwa kuimaliza. Wewe umeimaliza na chupa moja."

Akabeba sahani na jembe, akaenda kuchimba shimo la kuwafukia kumbikumbi. Obitre alimfuata akiomba amsaidie kuchimba. Hakupewa jembe.